Kamba za Hema la Bwana Darubini

Shaushi Asmani alipanda mlima siku ya Alhamisi akiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kwenda. Si mtu wa kukasirika ovyo. Alikuwa amevaa khaki ya Wadachi miaka kumi na miwili mpaka akapata ushaushi, cheo cha sajini, na askari mwenye hasira za karibu hafikishi hata mitatu. Lakini jana yake, kule chini Rumonge, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bwana luteni akaona mtu anahukumiwa kunyongwa kwa muda usiotosha kukaanga sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani.

Mtu mwenyewe aliitwa Aruna. Kazi yake ilikuwa moja tu: kubeba, kusimamisha na kutunza hema la Bwana Darubini, mzungu mpima ardhi aliyepiga kambi juu msituni kwa kuwakimbia mbung'o wa malale waliojaa ziwani. Jumanne alasiri, baada ya mvua kubwa kupita, Swedi, mtumishi wa meza wa mzungu huyo, alionekana amekufa mbele ya hema, kisu kifuani. Kisu kilikuwa cha Aruna, na Aruna kambini hayupo. Jumatano asubuhi askari wakamkuta kwake Rumonge anakunywa uji na mkewe Zuwena, nguo yake ina madoa mekundu toka kifuani mpaka magotini. Kisu, damu, kukimbia: luteni alihesabu kwa vidole vitatu, akafunga daftari, akaamuru kitanzi kifungwe Ijumaa asubuhi mbele ya soko.

Asmani aliomba aione ile nguo. Akainusa. Mawese! Hebu niambie, kuna mutoto gani wa Rumonge asiyejua doa la mawese na doa la damu? Damu ikikauka huwa nyeusi, nguo ikakakamaa. Mawese hubaki na wekundu wake na ukigusa unateleza. Asmani alisema hayo kwa adabu zote. Luteni alimsikiliza, halafu akajibu kwamba kisu hakikuwa na mawese.

Aruna naye alikuwa ameeleza, kama kuna aliyetaka kumsikia. Mnyapara wa msafara, Radjabu, ndiye aliyemtuma kabla ya adhuhuri akalete debe la mawese kwa taa za kambini. Alifika Rumonge matone ya kwanza yanaanguka, akateleza mlangoni kwake, mafuta yakammwagikia. Radjabu akaulizwa. Radjabu akasema sikumtuma. Basi, ikaisha hapo, maana Radjabu alivaa kanzu safi na Aruna alivaa shuka lenye madoa.

Luteni alikubali Asmani apande kambini Alhamisi, si kwa huruma, ila kwa kuwa Alhamisi yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kuwinda viboko ziwani na hakuhitaji shaushi. Wakati wa kuondoka Zuwena alimsubiri njiani, ameshika kiuno, hajalala. Hakulia. Alimwambia, "Shaushi, mimi sikuombi huruma. Nakuomba uangalie tu. Hakuna hata mumoja aliyeangalia."

Maneno hayo yalimwingia kuliko kilio. Ndiyo maana alipanda ule mlima bila kupumzika hata mara moja.

Kambi ilikuwa mahali pazuri, na uzuri wake ulimuudhi zaidi. Miti mikubwa imeshikana matawi juu, chini baridi na giza la kijani, jua linapenya vipande vipande. Kijito kinapita pembeni. Hema la mzungu lilisimama katikati ya uwanja uliofyekwa, na kwa mbali, chini ya miti, vibanda vya majani vya wapagazi ishirini. Wapagazi walikuwa wamekaa kimya. Wanne walikuwa wamelala kifudifudi, migongo imechanika kwa kiboko. Asmani aliuliza wamekosa nini. Mmoja akajibu bila kuinua uso kwamba mnyapara aliwauliza walichokiona Jumanne, nao walikuwa wamekwenda kijijini kuchukua posho, hawakuona kitu.

"Akawapiga kwa kutoona?"

"Akatupiga ili tusione, shaushi."

Radjabu akaja kumpokea. Alikuwa mtu wa Ujiji, mnene, kofia nyeupe, tasbihi mkononi, fimbo kwapani. Akasalimu kwa amahoro, akasema karibu, akasema msiba umetukuta. Bwana Darubini, alisema, amepona homa asubuhi hii na amekwenda kwenye kilele kupima, atarudi mchana. Kisha akaanza kueleza habari ya Jumanne, na aliieleza vizuri mno, kila neno mahali pake, kama mtu anayesoma darasa alilolikariri. Aruna na Swedi waligombana juu ya chakula. Mvua ikanyesha. Mvua ikaisha. Yeye Radjabu akatoka kibandani kwake, akakuta Swedi amelala mbele ya mlango wa hema, Aruna hayupo. Bwana alikuwa ndani na homa kali, hakusikia kitu.

Asmani aliuliza maiti iko wapi. Imezikwa, alijibu Radjabu, pale nyuma ya mti mkubwa, siku ileile.

"Nani alimwosha?"

Tasbihi ikasimama. Radjabu ndiye aliyekuwa akiwasalisha wapagazi. Ndiye aliyewaosha wafu wote wa msafara tangu Ujiji, na alijisifu kwa hilo.

"Hakuoshwa," alisema. "Hakukuwa na maji."

Asmani alikitazama kijito. Akautazama mtaro uliochimbwa kuzunguka uwanja wa hema, ambao chini yake bado ulikuwa na tope la mvua ya Jumanne. Kuna uongo ambao ukiujibu unampa mwenyewe nafasi ya kuurekebisha, na yeye alitaka ule ubaki ulivyo. Aliomba maji ya kunywa. Wakamletea kibuyu kimejaa.

Akaenda kwenye hema.

Sasa hapa lazima ujue jambo moja juu ya Asmani. Kabla ya khaki alikuwa mpagazi, na kwa misafara minne mzigo wake ulikuwa hema, kutoka Tabora mpaka ziwani. Na ujue jambo la pili, juu ya misafara yenyewe: kila mtu na mzigo wake. Mbeba hema ndiye anayelisimamisha, ndiye anayelikunja, na hakuna mwingine anayegusa kamba yake, kwa sababu likianguka ni mgongo wake utakaolipa. Mpagazi mwenzake hagusi. Mpishi hagusi. Na mnyapara ndiye wa mwisho kabisa kugusa, maana mnyapara akionekana ameshika kamba, heshima yake imekwisha. Kesho yake nani atamwogopa?

Hema la Bwana Darubini lilikuwa limelegea vibaya. Kitambaa kimelala katikati, kamba zote zinaning'inia, hungeweza kusimama ndani yake bila kuinama. Asmani alishika kamba moja, akaivuta. Kavu kabisa. Jua la siku mbili lilikuwa limeikausha. Akashika ya pili, ya tatu, akazunguka mpaka ya mwisho, zote vilevile.

Kamba ya katani ikilowa hujikunja ikawa fupi, ikikauka hurefuka. Mbeba hema anajua hilo kabla hajajua jina la bwana wake. Kamba ukiifunga ikiwa kavu, hata mvua inyeshe na jua liwake, itarudi palepale ulipoiacha. Lakini ukiifunga imelowa chepechepe, ukaivuta mpaka ikakaza, ukaenda zako ukidhani umefanya kazi, jua likitoka itakuaibisha. Na kamba hizi zote zilikuwa zimefungwa zikiwa zimelowa. Maana yake hema hili lilisimamishwa upya baada ya mvua. Na Aruna, ambaye kwa kauli ya Radjabu mwenyewe alikuwa ameua na kukimbia, hakuweza kuwa ndiye. Aliyelisimamisha alikuwa mtu mwenye nguvu na asiyejua kazi.

Aliangalia fundo. Lilikuwa fundo la kufungia mbuzi.

Akaufuata mtaro. Ulikuwa umechimbwa vizuri, kwa mkono wa Aruna, kina cha kiganja, ukizunguka hema, na mdomo wake wa kumwagia maji ulikuwa... mbele ya mlango. Nani anachimba mtaro ili maji yapite mlangoni kwa bwana? Mdomo wa mtaro huwa nyuma. Basi hapa palipo mlango leo, Jumanne asubuhi palikuwa nyuma. Hema limegeuzwa. Limeng'olewa katikati ya tope, mbele ikafanywa nyuma, nyuma ikafanywa mbele.

Na mtu hageuzi hema ila ana upande asiotaka uonekane.

Asmani aliusogelea mlango, ambao sasa ulitazama kichaka badala ya uwanja. Hapo, juu ya kitambaa, palikuwa pametandazwa blanketi zito, eti linaanikwa. Kwenye kichaka, pasipo na jua! Alilifunua. Karibu na ukingo wa mlango uliofungwa kwa vishikizo, mkabala na kifua cha mtu aliyesimama, palikuwa na tundu moja la mviringo, dogo kuliko kidole. Akaingiza kichwa ndani ya hema. Kwa ndani kitambaa kilikuwa kimeungua, cheusi kote kuzunguka lile tundu. Risasi haikuingia hemani. Ilitoka hemani.

Hasira iliyokuwa haina mahali pa kwenda ikapata njia.

Hakumwita Radjabu. Aliwaita wapagazi wawili wenye nguvu, akawaambia wachukue majembe, wamfuate nyuma ya mti mkubwa. Radjabu akaja mbio, kanzu ameikunja mkononi, akiuliza wanakwenda kufanya nini.

"Tunakwenda kumwosha Swedi," Asmani alimjibu. "Maji yamepatikana."

Radjabu akasema ni haramu kumfukua maiti. Asmani akamwambia haramu utaijua wewe uliyemfukia Mwislamu mwenzako na tope lake kama mbwa. Jembe la kwanza likagonga ardhi. La pili. Kabla ya la tatu Radjabu alikuwa amekaa chini, kanzu safi ndani ya udongo, na maneno yakamtoka bila kuulizwa.

Bwana alikuwa anaweweseka kwa homa tangu asubuhi. Aliambiwa kuna chui msituni, akalala na bastola. Mvua ilipopungua Swedi alimpelekea uji, akapiga hodi mlangoni, akafungua kishikizo kimoja, na bwana akafyatua. Swedi hakusema hata neno. Bwana alipoona amefanya nini alilia, kisha akalala tena. Ndipo Radjabu akafikiri. Msafara ukivunjika, unyapara wake umekwisha. Akachukua kisu cha Aruna alichokiacha kwenye mzigo wa vigingi, akakichoma palepale ilipoingia risasi, ili kidonda kiwe kimoja. Akamlaza bwana kibandani kwake, akageuza hema kwa mikono yake.

Asmani alimwuliza kitu kimoja tu. Kwa nini Aruna?

"Kwa sababu hakuwepo, shaushi," alisema Radjabu. "Waliorudi pamoja na posho wangebisha."

Mkono wa Asmani uliinuka wenyewe. Aliurudisha chini kwa shida. Kumpiga yule mtu ingekuwa raha, na siku ile hakupanda kutafuta raha.

Bwana Darubini alirudi mchana, mrefu, mwekundu, macho bado ya njano kwa homa. Alimkuta shaushi amesimama kando ya hema na blanketi mkononi. Akatazama tundu. Akavuta kiti chake cha kukunja, akakaa, akavua kofia. Alisema kwa Kiswahili cha kwenye vitabu kwamba ilikuwa homa, kwamba Swedi alikuwa kijana mwema, kwamba atampelekea mama yake nguo na fedha. Juu ya Aruna hakusema kitu. Asmani alipomkumbusha kwamba Aruna ananyongwa kesho, mzungu alishtuka kweli, hakujua. Radjabu hakumwambia. Halafu ule mshtuko ukapita, na Asmani akauona unapita usoni mwake, na nafasi yake ikaja hesabu.

"Askari," alisema taratibu, "luteni ataamini neno la nani? Lako?"

"La hema," alisema Asmani. "Nitalikunja sasa hivi. Litabebwa mpaka Rumonge, nitalisimamisha sokoni, tundu likitazama watu. Watu wakisha kuona, bwana luteni itabidi awaandikie wakubwa wake Usumbura. Au bwana ataandika yeye, hapa, barua moja."

Mzungu alilitazama tundu tena. Kisha akaomba kalamu yake.

Barua aliitunga Asmani, neno kwa neno, kwa Kiswahili, na herufi za kizungu alizisoma mwenyewe kadiri zilivyoandikwa, maana kwenye kambi ya askari walimfundisha. Mimi ndiye niliyempiga Swedi risasi kwa bahati mbaya nikisafisha bastola. Aruna alitumwa Rumonge kabla ya mvua kuleta mawese. Hana hatia. Lile neno la bahati mbaya hakulitaka. Kwa neno hilo damu ya Swedi ilikuwa inafutwa, na ni yeye Asmani aliyekuwa anaifuta. Lakini alijua bila neno hilo mzungu hatatia sahihi, na bila sahihi kesho kuna kitanzi. Akalitamka. Alilichukia neno, akajichukia na yeye mwenyewe, akaipokea barua.

Kabla ya kushuka walimtoa Swedi kaburini, wakamwosha kwa maji ya kijito, wakamvika sanda, wakamsalia. Asmani alimkataza Radjabu kusimama mbele. Aliyesalisha alikuwa mmoja wa wale wanne, mgongo wake ukivuja.

Ijumaa asubuhi watu walikuwa wamejaa uwanjani kabla soko halijafunguliwa. Kitanzi kilikuwa kimeshafungwa. Zuwena alisimama mbele kabisa, na alipomwona shaushi anatokea aliutazama mkono wake wenye karatasi. Luteni aliisoma barua mara mbili. Uso ukambadilika, akageuka akatazama ziwa, akarudi akatazama watu, na Asmani alielewa kwamba luteni ameelewa kila kitu, hata kile kisichoandikwa. Akaikunja barua akaitia mfukoni, ndani kabisa.

Akatangaza kwamba Aruna hakuua. Kitanzi kishushwe.

Sauti iliyotoka kwa watu wale siwezi kuieleza. Zuwena alikaa chini palepale. Mikono ya Aruna ikafunguliwa, naye akabaki ameinyoosha mbele kama imefungwa bado. Asmani alihisi miguu yake kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Lakini," alisema luteni.

Alisema serikali haichezewi. Mpagazi haondoki kambini bila cheti cha njia. Barua inasema mtu huyu alitumwa. Haisemi alipewa cheti. Kwa hiyo alitembea bila cheti, akaisumbua serikali siku tatu. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Shaushi atampiga, sasa hivi, watu wakiona.

Asmani alisikia maneno yale mojamoja. Cheti! Barua aliitunga yeye, kalamu ilikuwa inamfuata mdomo wake, mzungu yule angeandika chochote siku ile, na yeye hakukumbuka cheti. Alimtazama Aruna. Siku mbili mahabusu bila chakula, mbavu zinahesabika. Hamsa ishirini kwa mwili ule ni kitanzi cha polepole. Na luteni alilijua hilo vilevile. Serikali ilikuwa imeaibika, ikataka mgongo wa kufutia aibu yake, na mgongo wa karibu ulikuwa uleule wa juzi.

Askari akamletea kiboko. Asmani hakukipokea.

"Cheti kilitoka kwangu, bwana," alisema. "Jumanne alipita kwenye kizuizi changu cha njiani. Nilimruhusu kwa mdomo, nikasahau kuandika."

Luteni alimkazia macho. Akamwuliza mbona Jumatano hakusema.

"Niliogopa. Nilikuwa naficha kosa langu."

Ulikuwa uongo, na kila mtu pale alijua ni uongo, kuanzia luteni mwenyewe. Jumanne Asmani hakuwa kizuizini hata saa moja. Siku ile pia alishinda amesimama nyuma ya kiti cha luteni. Lakini luteni alitaka mgongo, na sasa amepewa mwingine, tena kwa utaratibu, kwa kauli ya shaushi mbele ya watu. Alingoja kidogo, labda akitumaini Asmani ataufuta uongo wake. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba askari mwenye cheo hapigwi.

Asmani alizing'oa alama za ushaushi mkononi mwake, uzi ukakatika kwa kelele ndogo, akaziweka juu ya meza kando ya daftari. Akafungua mkanda. Akavua khaki ya miaka kumi na miwili, akaikunja vizuri, maana si yake. Aruna alijaribu kuja mbele. Zuwena alimshika nguo kwa mikono miwili akamzuia, naye huku machozi yanamtoka, ya kwanza tangu Jumatano.

Asmani akalala kifudifudi. Ombasha, askari wa cheo cha chini yake, aliyeitwa kushika kiboko, alikuwa mtu ambaye Asmani mwenyewe alimfundisha kazi, na alikiinua kiboko nusu tu.

"Piga sawasawa," Asmani alimwambia. "Na hesabu kwa sauti. Nataka wasikie mpaka kule mlimani."